Kamera ya nyuma inawaka ukikanyaga breki: tafuta waya wa rivasi kabla ya kununua redio nyingine

Mkuu wa Makambako, nimekusoma. Toyota IST otomatiki, umefungiwa redio ya skrini na kamera ya nyuma, na sasa kila ukigusa breki skrini inaruka kwenye kamera. Fundi wako anasema redio ni mbovu, ubadilishe. Usitoe hela kwanza. Mimi ni fundi umeme wa magari huku Mbeya, upande wa Mwanjelwa, na gari zenye shida kama yako naziona sana. Redio yako inaelekea ni nzima. Ina waya mmoja ambao kazi yake ni kuiambia "gari limewekwa rivasi", na waya huo ukipata umeme, inaonyesha kamera. Sasa umeme unaupata hata ukiwa unakwenda mbele. Lililobaki ni kujua unatoka wapi.

Nikwambie kosa hili huwa linatokeaje. Gari otomatiki halitoki P, yaani gia ya kuegesha, mpaka ukanyage breki. Fundi anamweka dogo kwenye usukani, anamwambia "weka rivasi". Dogo anakanyaga breki, anavuta gia mpaka R, mguu anauacha palepale. Huku nyuma fundi anachokonoa na testa, kile kitaa cha kutafutia umeme. Hapo nyuma ya taa kuna nyaya mbili zenye umeme kwa wakati mmoja, wa rivasi na wa breki. Testa ikiwaka kwenye ule anaouanza, anauchubua, anaunga, picha inakuja safi, mnalipana mnaagana. Pale gereji kila kitu kilifanya kazi kweli. Unakuja kugundua umefika Igawilo kwenye foleni.

Kwa hiyo anza upya, utafute mwenyewe. Kinachohitajika ni mita ya kupimia umeme, hata ile ya bei rahisi, na mtu mmoja wa kukusaidia anayesikia anachoambiwa.

Kabla ya kufungua chochote, angalia gari limesimama wapi. Huku nyanda za juu tambarare ni ya kuitafuta, na watu wengi hawajui kwamba gari otomatiki likiwa R na injini imezimwa halishikiliwi na gia. Kinacholifunga ni P peke yake. Kwenye mteremko litaondoka na wewe uko nyuma umeinamia buti. Vuta hendibreki, weka mawe kwenye matairi, mbele na nyuma. Hili mimi sina mzaha nalo.

Fungua taa ya nyuma, uone holda ya balbu ya rivasi. Ni ile inayotoa mwanga mweupe. Gari nyingi za Kijapani zina balbu hiyo pande zote mbili, lakini zipo gari, hasa za Ulaya, zenye rivasi upande mmoja tu, na upande wa pili ni taa nyekundu ya ukungu. Ukihangaika upande usio na kitu, hamia wa pili. Balbu usiitoe. Kwenye holda utakuta nyaya mbili, mmoja ni ethi, yaani wa kurudisha umeme kwenye bodi, mwingine ndio tunaoutaka. Rangi usiziamini, hata kama mtu amekuandikia kwamba Toyota ni rangi fulani. Zinabadilika kati ya modeli na modeli, na gari likishapita mikononi mwa mafundi wanne, waya unaweza kuanza mwekundu mbele ukamalizia kijani nyuma.

Washa swichi bila kupiga stata. Waya mweusi wa mita uguse chuma cha bodi kisicho na rangi, au boliti safi, usitumie waya wa ethi wa taa yenyewe. Sababu yake nitaisema chini. Waya mwekundu wa mita uingize kwa nyuma ya konekta, pembeni ya waya unaoupima, bila kuuchubua. Msaidizi akanyage breki, aweke R, kisha AONDOE MGUU. Mita isome karibu na volti 12. Arudishe P, isome sifuri.

Wengi wakifika hapo wanaunga. Wewe endelea kidogo. Gia ikiwa P, msaidizi akanyage breki na kuachia. Awashe taa ndogo, taa kubwa, indiketa ya kulia, ya kushoto, na hazadi. Mita ibaki sifuri muda wote. Waya unaopata umeme kwenye R na haupati kwingine kokote, huo ndio wako.

Sasa lile la ethi. Unaweza kukuta waya ni sahihi kabisa, lakini ukikanyaga breki mita inasoma volti tatu, nne, tano hivi, wala si sifuri wala si 12. Hapo ethi ya taa imekufa. Balbu za taa moja mara nyingi zinachangia ethi moja. Ikikatika au ikishika kutu, umeme wa breki unakosa njia ya kutokea, unapenya kwenye balbu ya rivasi kinyumenyume na kuingia kwenye waya wako wa kamera. Picha inacheza, au inawaka na kuzima. Gari zinazolala Tukuyu zinaniletea hili kuliko za mjini, kwa mvua ya kule maji yakishapenya kwenye mpira wa taa, ukifungua holda unakuta ule unga wa kijani. Safisha kwa msasa mwembamba, vuta ethi mpya mpaka kwenye bodi, upime tena. Ukipima kwa ethi hiyohiyo mbovu, mita itakudanganya, ndiyo maana nimesema utumie bodi.

Kuunga sasa. Waya mwekundu wa kamera kwenye waya wa rivasi, mweusi kwenye bodi. Kamera inakula umeme mdogo sana kulinganisha na balbu ya wati 21, kwa hiyo hailemei kitu, ila mimi huweka kafyuzi ka ampia 1 hapo. Kwenye Toyota nyingi za zamani rivasi inatumia fyuzi moja na geji za dashibodi, ile iliyoandikwa GAUGE. Ukigusisha waya kwenye bodi, fyuzi inakatika, geji zote zinalala na mwenye gari anadhani umemuulia gari.

Ule waya mrefu wa picha, wa RCA, angalia pembeni yake. Mara nyingi una kiwaya chembamba chekundu kinachotokeza ncha zote mbili. Hicho hakipeleki picha. Nyuma unakiunga pamoja na waya wa rivasi, mbele unakiunga kwenye waya wa redio ulioandikwa BACK au REVERSE. Kwenye Pioneer na Kenwood ni wa zambarau wenye mstari mweupe. Ndicho kinachokusumbua wewe: kifuate kuanzia nyuma, utaona kimeungwa wapi. Maungio lehemu kwa risasi, uvalishe mpira wa joto, ule unaonywea ukiupasha. Kuviringisha na tepu tupu, kwa vumbi na mvua za huku, ni kazi ya kurudia.

Wenye Canter na Coaster wanaosoma hapa, nyingi ya hizo ni volti 24. Kama betri ni mbili zimeungwa kwa kufuatana, pimeni zote kwa pamoja kabla ya kununua, kwa sababu kamera ya volti 12 pekee hapo haimalizi kurudi nyuma mara moja. Nunueni iliyoandikwa 12-24V, au muweke kipunguza umeme.

Na gari mpya zenye taa za LED zinazoendeshwa na kompyuta ni habari nyingine. Umeme wa rivasi unatoka kwa kukatwakatwa, mita inasoma pungufu na picha inapepesa. Kuna filta ndogo yenye kapasita ndani, inawekwa kati ya taa na kamera. Testa ya balbu msiitumie kabisa huko, inavuta umeme mwingi kuliko kompyuta inavyotegemea.

Mkuu, pima kwanza kile kiwaya chekundu, gia ikiwa P, ukikanyaga breki. Ikisoma 12 kamili, kimeungwa kwenye breki, kihamishe. Ikisoma chini ya hapo, anza na ethi ya taa. Weka namba uliyoipata hapa tuone.