Maswali ya Wasomaji: Wakutubi, Mtandao na Msako wa Hazina

SWALI: Maktaba yetu ina watumishi wanane. Tulipewa semina ya siku moja kuhusu zana za mtandaoni, lakini sasa hakuna anayekumbuka hata kutengeneza fomu. Mwenzetu mmoja anataka tuandae msako wa hazina nje, yaani mchezo wa kutafuta visanduku vilivyofichwa kwa kufuata ramani ya simu, kwa ajili ya watoto wakati wa likizo. Je, mambo haya mawili yanaweza kwenda pamoja?
Mkutubi, Morogoro

JIBU: Yanaweza, tena yanafaana sana. Semina ya aina hiyo husahaulika kwa sababu mtu huonyeshwa zana kumi akiwa hana kazi ya kuzifanyia. Mwaka 2006 maktaba ya umma ya Charlotte na Mecklenburg, jimbo la North Carolina, Marekani, ilifuata njia nyingine chini ya Helene Blowers. Mafunzo yaligawanywa katika mambo madogo 23. Kila mtumishi aliyafanya mwenyewe kwa nafasi yake na kuandika kwenye blogu alichojifunza. Waliomaliza walizawadiwa kifaa cha kusikilizia muziki. Maktaba nyingi za nchi nyingine ziliuiga mpango huo.

Ninyi chukueni mambo manne tu, moja kwa wiki, na yote yaelekee kwenye msako: ramani, jedwali la pamoja la mtandaoni, fomu na msimbo wa QR (picha ya mraba ambayo kamera ya simu huisoma na kufungua kiungo). Kila mtumishi ashike simu yake mwenyewe. Anayejua aelekeze kwa mdomo, asimshikie mwenzake simu. Hapo ndipo mafunzo mengi yanapoharibika.

Jedwali liwe na safu ya jina la kituo (mahali kilipofichwa kisanduku), latitudo (nambari ya kaskazini-kusini), longitudo (ya mashariki-magharibi), kidokezo na neno la siri lililomo kisandukuni. Atakayepewa kiungo cha jedwali aruhusiwe kuona tu, asiweze kuhariri. Kwenye Google Forms, zana ya kutengenezea fomu, zimeni kipengele cha jibu moja kwa kila mtu, na msiombe picha: vyote viwili humlazimisha mjibuji kuingia kwa akaunti, na mtoto aliyeazima simu ya mama atakwama hapohapo. Neno la siri linatosha kuthibitisha kwamba amefika. Kuhusu QR, jihadharini na tovuti za bure zinazopitisha msimbo kwenye kiungo chao. Muda wao ukiisha, karatasi zenu zote hazisomeki. Tengenezeni msimbo unaobeba kiungo chenu moja kwa moja, uchapwe angalau sentimita 3 kwa 3.

SWALI: Tulijaribu kuficha kisanduku, lakini wasakaji wakapelekwa mbali kabisa. Kosa liko wapi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Mara nyingi kosa liko kwenye uandishi wa nambari, wala si kwenye simu. Sisi tulio kusini mwa Ikweta lazima tuweke alama ya kutoa kwenye latitudo. Morogoro mjini ni takriban -6.82, 37.66. Ondoa alama hiyo, na ramani itakupeleka kusini mwa Ethiopia, jirani na mji wa Sodo!

Kosa la pili ni kuchanganya mitindo. S 6° 49.500′ ni nyuzi 6 na dakika 49.5, yaani -6.82500. Ukiandika -6.49500 umekosea kwa kilomita 36 na zaidi. Chagueni mtindo mmoja, muandike tarakimu tano baada ya nukta: ya tano ni kama mita moja, ya nne ni kama mita 11.

Nambari zikiwa sahihi, tazama mazingira. Mahali peupe, simu janja hukosea kwa mita 5 hivi. Chini ya mwembe mkubwa au kando ya ukuta wa ghorofa, mawimbi ya setilaiti huzibwa au hudunda, na kosa huongezeka. Simama dakika mbili, chukua vipimo vitatu kwa nyakati tofauti, kisha tafuta wastani. GPS yenyewe (mfumo wa setilaiti unaoijulisha simu ilipo) haili bando, ila ramani inakula. Pakueni ramani ya eneo lenu mapema mkiwa kwenye Wi-Fi.

SWALI: Kisanduku kiweje, na je, tukifukie?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Msikifukie. Watoto watachimbua bustani nzima. Tumieni kontena la plastiki linaloonyesha ndani, lenye mpira kwenye mfuniko na vifungo pande nne. Mchanga ukikaa kwenye mpira, maji ya mvua yataingia, kwa hiyo ufutwe kila kisanduku kinapofunguliwa. Ndani wekeni daftari katika mfuko wa plastiki, na penseli, kwa kuwa wino huvuja karatasi ikilowa. Peremende na biskuti hapana: sisimizi na panya watafika kabla ya wasakaji.

Nje bandikeni jina la shule au maktaba, namba ya simu na maneno “Mchezo wa msako wa hazina”. Mwenye eneo na ofisi ya serikali ya mtaa wajulishwe kabla. Msifiche karibu na daraja, transfoma, kituo cha polisi wala kisima. Siku ya msako yenyewe, mtu mmoja avipitie vituo vyote asubuhi kabla watoto hawajaanza.