Boliti nilizotia weusi zimeota kutu. Nizipige rangi?

SWALI: Fundi, salaam. Ninafufua Volkswagen Beetle ya 1967 hapa Nyali, Mombasa. Boliti, washa na springi za kitasa cha boneti zilikuwa nyeusi, nami nataka zirudi hivyo hivyo. Nilizisugua kwa brashi ya waya, nikapaka ile dawa ya baridi ya kutia weusi, zikatoka nyeusi tii. Mwezi haukuisha zikaanza kuota vidoa vya rangi ya chungwa. Fundi mmoja ananiambia nizichome moto kisha nizitumbukize kwenye oili chafu. Mwingine anasema nipulizie rangi nyeusi yaishe. Nifuate lipi?

JIBU: Salaam ndugu yangu. Usifuate lolote kati ya hayo mawili, na dawa yako usiilaumu. Kazi yake ni kutia weusi, basi. Nyingi ya dawa hizo za baridi huacha juu ya chuma utando mwembamba sana wa shaba na seleniamu, uliojaa vitundu usivyoviona kwa macho. Hata ule weusi wa viwandani, unaopikwa kwenye kostiki soda ya moto wa nyuzi joto 140 hivi, una unene wa kama maikroni moja tu, yaani sehemu ya elfu ya milimita, na ukiachwa mkavu hushika kutu vilevile. Kinachozuia kutu ni mafuta au nta inayokaa ndani ya vile vitundu. Wewe umeacha vitundu vikavu, tena Nyali, ambako upepo wa bahari unaleta chumvi, na chumvi nayo inavuta unyevu hata siku isiyo na mvua.

Chukua boliti moja uitazame kwenye mwanga. Vidoa vikiwa na umbo la ncha ya kidole, hilo ni jasho lako: uliishika kwa mkono mtupu kabla ya kuipaka mafuta. Kisha ifute kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na weusi mwingi, ujue dawa haikushika chuma, ilikaa juu ya mafuta yaliyosalia. Brashi ya waya haitoi mafuta, inayasambaza tu.

Kwa hiyo anza upya. Osha kwa thina au mafuta ya taa, halafu kwa sabuni na maji moto. Mwagia maji: yakitandaa boliti nzima, ni safi, yakijikusanya matone, rudia. Kutu iondoe kwa kuloweka kwenye siki au asidi ya sitriki, ukichungulia mara kwa mara, kisha suuza kwa maji yenye magadi kidogo kuua asidi. Maji ya mwisho ya kusuuza yasiwe ya kisima. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na utakuwa unairudisha chumvi ile ile unayoikimbia. Tumia maji ya kuongezea betri, yale matupu, si asidi. Tangu hapo vaa glavu.

Springi usiziloweke kwenye asidi, wala boliti zilizoandikwa 10.9 au 12.9 kichwani. Chuma kigumu hunyonya haidrojeni kutoka kwenye asidi kikawa chepesi kukatika, na hukatika baadaye, kikiwa kimeshakazwa, bila dalili yoyote. Hizo zisafishe kwa msasa laini au kwa kupuliziwa mchanga.

Weusi wenyewe, kama ni gari langu, nisingerudia dawa ya baridi ila kwa vitu vidogo vya ndani. Ningetumia fosfeti ya manganizi, dawa ya kutia chuma utando, inayopikwa karibu na nyuzi joto 90 kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu, ambayo haitarudi jikoni kamwe. Utando wake ni wa chembechembe, mnene kuliko weusi wa kawaida mara kadhaa, na unashika mafuta kama sifongo. Ukitoka ni wa kijivu kilichokolea. Mafuta ndiyo yanayoukoleza uwe mweusi. Kostiki ya moto usiijaribu nyumbani. Inaruka, na ikikupata jichoni ni upofu.

Zikishasuuzwa, zikiwa bado na uvuguvugu, zitumbukize kwenye mafuta ya kuzuia kutu yanayosukuma maji nje. Ziache usiku kucha, zichuruzike, ufute. WD-40 inafukuza maji vizuri lakini utando inaoacha ni mwepesi, haufai kuwa kinga ya miezi kadhaa. Sehemu za ndani, zinazogusa nguo, maliza kwa nta ngumu. Za chini ya gari paka nta au lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo), na urudie kabla ya masika na kabla ya vuli. Ukitumia mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, vitambaa ulivyofutia vitandaze nje au viloweke majini; vikirundikwa hushika moto vyenyewe.

Kwa boliti za matao ya magurudumu na za bampa, mimi nisingehangaika na fosfeti. Zipeleke kwa wapaka zinki, uombe zinki nyeusi. Hapo zinki inaliwa kwanza badala ya chuma, na hata spana ikikwaruza kidogo bado kuna kinga. Weusi wake unang'aa kidogo kuliko wa asili, na jaji wa mashindano atauona. Amua wewe kama gari ni la maonyesho au la kuendesha Barabara ya Nyali.

Oili chafu ina asidi na mabaki ya moto wa injini, na moshi wake ni sumu. Isitoshe, kwa moto wa gesi huwezi kujua joto: springi ikipita kiasi inalegea, na boliti yenye zinki ya zamani inatoa moshi utakaokulaza na homa. Rangi nayo inajaza nyuzi za boliti, kisha inabanduka spana ya kwanza tu.

Boliti za magurudumu zisipate mafuta wala nta kwenye nyuzi, isipokuwa kitabu cha gari kiseme hivyo. Nyuzi zenye mafuta, ukizikaza kwa nguvu ile ile, zinavutika kupita kipimo. Za mikanda ya usalama usizitie weusi kabisa, nunua mpya.