Kabla hujaizima ruta, uliza kufuli limeshikwa na nani

"Fundi, mtandao umeganda tena." Simu hiyo ilinijia kila baada ya Isha, wageni wa nyumba moja ya kulala kule Nungwi wakisharudi ufukweni. Ruta yao ni kompyuta kuukuu niliyoitilia mfumo endeshi wa Linux, pamoja na moduli (kipande cha programu) ndogo ya keneli, yaani kiini cha Linux, niliyoiandika mwenyewe ili kuhesabu data ya kila chumba. Mara mbili nilipanda daladala ya 116 kwenda kuizima na kuiwasha. Nikalaumu umeme. Nikabadilisha kadi ya mtandao. Pesa na nguvu za bure.

Aliyenifumbua macho ni kijana wa mapokezi: mashine huganda pale anapofungua hesabu za vyumba. Asubuhi, pakiti (vipande vya data vinavyopita mtandaoni) zikiwa chache, haioni tabu hizo.

Sasa tizama kilichokuwa kikitokea. Programu inayosoma hesabu ilishika kufuli, yaani alama inayozuia wawili wasiguse hesabu kwa pamoja, kwa spin_lock; anayelikosa kufuli la aina hii huzunguka palepale akilisubiri. Kabla haijaliachia, kadi ya mtandao ikaikatiza prosesa: pakiti zimefika. Prosesa ikaiweka kando ile programu, ikaingia kwenye kazi ya kupokea pakiti, na kazi hiyo nayo inalitaka kufuli lilelile ili iongeze hesabu. Ikabaki inazunguka kulisubiri. Mwenye kufuli hawezi kuliachia kwa sababu prosesa haijamrudia, na prosesa haimrudii mpaka ilipate kufuli. Ni mtu anayepiga hodi kwenye mlango ambao aliyemo ndani ni yeye mwenyewe.

Dawa ni kutumia spin_lock_bh upande wa programu, ambayo huzuia kazi ya pakiti isiingie kwenye prosesa ile mpaka kufuli liachiwe. Upande wa pakiti spin_lock ya kawaida inatosha. Lakini kama kufuli hilo linaguswa pia na kodi (maandishi ya programu) inayokatiza moja kwa moja kutoka kwenye kifaa, hapo utahitaji spin_lock_irqsave.

Nilipokwisha kurekebisha nikakuta kosa la pili: nilikuwa nampelekea msomaji data kwa copy_to_user huku kufuli ningali nalo. Kitendo hicho kinaweza kulala, yaani kusimama kikingoja kitu kingine, na aliyeshika kufuli la aina hii haruhusiwi kulala hata kidogo. Nakili hesabu pembeni, achia kufuli, ndipo upeleke.

Ndugu yangu unayeanza kazi hii, nakusihi: jenga keneli ya majaribio yenye CONFIG_PROVE_LOCKING na CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP (inayoonya kodi ikilala pasiporuhusiwa). Ya kwanza huwasha lockdep, zana ya kukagua makufuli iliyomo ndani ya Linux tangu 2006. Haingoji mashine igande; ikiona kufuli limeshikwa mara moja ndani ya kazi ya pakiti, na mara nyingine nje yake bila kuizuia, inakuandikia onyo pamoja na mistari ya kodi inayohusika. Inapunguza kasi, kwa hiyo usiiache kwenye ruta ya mteja. Mimi huiwasha nyumbani, nikaitwisha mashine pakiti nyingi huku nikisoma hesabu mfululizo. Kodi yangu ya zamani ilitoa onyo kabla chai haijapoa.