Ziandike Fadhili za Mungu Kama Unavyoandika Madeni

Mimi ni mama karanga, yaani mkaangaji na muuzaji wa samaki, hapa Malindi. Kando ya karai langu huwa kuna daftari la madeni: nani amechukua vipande vingapi, lini, ameahidi kulipa siku gani. Deni la mtu silisahau. Fadhili za Mungu ndizo nilizokuwa siziandiki popote.

Mwaka jana upepo wa kusi ulipokaza, vyombo vingi havikutoka baharini. Samaki wakawa adimu, nikachukua mzigo kwa mkopo kwa mzee mmoja mchuuzi, Mwislamu, jirani wa miaka mingi. Barafu ikaisha, samaki wakaharibika, nikabaki na deni la shilingi 8,000. Nilikwenda kwake miguu mizito. "Nivumilie baba, nitalipa." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, nimekuwia radhi. Rudi kazini." Nililia njia nzima.

Hazikupita wiki mbili, nikamfokea kijana wa bodaboda mbele za wateja kwa shilingi 600. Akaniambia, "Nivumilie mama, nitalipa." Usiku nikihesabu pesa ndipo nilipogundua kwamba yale yalikuwa maneno yangu mwenyewe.

Nikafungua Mathayo 18, mfano wa Yesu wa mtumwa aliyesamehewa deni kubwa na mfalme, kisha akamtupa mwenzake gerezani kwa deni la dinari mia. Wahubiri wengi huzitaja dinari mia kama vijisenti tu. Lakini dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima, kwa hiyo mia ni jasho la zaidi ya miezi mitatu. Yesu hakusema kwamba tuliyokosewa ni madogo. Kinachonitisha mimi ni kwamba watumwa wale wawili waliomba kwa maneno yaleyale, nivumilie, nami nitakulipa, na yule aliyesamehewa talanta 10,000, deni lisilolipika, hakulitambua ombi lake kinywani mwa mwenzake. Alikuwa ameshasahau.

Basi nililigeuza daftari, nikaanza kuandika kutoka nyuma. Zaburi 136 ndiyo iliyonifundisha. Ina mistari 26, na kila mmoja unaishia kwa kusema fadhili zake ni za milele. Tazama jinsi inavyotaja mambo kwa majina: Bahari ya Shamu, wafalme Sihoni na Ogu, hadi chakula. "Asante Mungu kwa yote" ni sala niliyoisali miaka mingi bila kukumbuka hata jambo moja. Wewe andika tarehe, jambo lenyewe, na mtu ambaye Mungu alimtumia. Jina la yule mzee liko ukurasa wa kwanza.

Zipo siku utakosa la kuandika. Mama yangu alipofariki, sikuandika neno kwa wiki tatu, wala sidhani Mungu alinihesabia. Siku kama hizo usijilazimishe kutunga shukrani. Soma tu kurasa za zamani, hata kama unasoma huku umekasirika.

Kudai sijaacha, maana biashara ya samaki bila kudai hufa. Lakini nilimfuata yule kijana steji, nikamwomba radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa nilimwaibisha mbele za watu. Tukakubaliana shilingi 50 kila jioni. Jioni ya 12 alipoleta ya mwisho, nililikata jina lake upande wa mbele wa daftari, nikaligeuza, nikaliandika nyuma.