Jaji wa Watanashati Anatazama Nini?

SWALI: Mimi ni fundi cherehani wa nguo za kiume hapa Mtwara mjini. Vijana wa mtaa wetu wanaandaa shindano la utanashati litakalofanyika korosho zikishauzwa, na mshindi watamchangia nauli ya kwenda Dar es Salaam kujaribu mchujo wa mashindano ya kimataifa. Wameniteua kuwa mmoja wa majaji watano. Nimetazama video za Mister World na sikuelewa kwa nini vijana wenye miili iliyojazia hutolewa mapema, wembamba wakabaki. Majaji wa huko hupima nini hasa, nami nitoeje alama nisije nikamwonea mtoto wa mtu? (Fundi, Shangani, Mtwara)

JIBU: Ndugu Fundi, kabla hujashika kalamu waulize waandaaji jambo moja: mshindi atafanya kazi gani akishavikwa utepe? Mashindano haya yanafanana kwa mbali tu. Manhunt International, lililoanza nchini Australia mwaka 1993, hutafuta mwanamitindo, yaani mtu anayevaa nguo zilizobuniwa na wengine zikapendeza na kununuliwa. Mister World, lililofanyika mara ya kwanza mjini Istanbul, Uturuki, mwaka 1996, taji likachukuliwa na Tom Nuyens wa Ubelgiji, ni shindano ndugu la Miss World. Huko washiriki hukaa kambini wakishindanishwa katika michezo, vipaji na mitindo kabla ya usiku wa fainali, kwa kuwa anayetafutwa ni mtu atakayesafiri, akasimama mbele ya hadhara na kuzungumza bila kuyumba. Wakikaa meza moja majaji wawili, mmoja anatafuta mwanamitindo na mwenzake anatafuta balozi, watabishana hadi usiku wa manane na wote wawili watakuwa na haki.

Kuhusu miili iliyojazia, kwa kazi yako jibu unalijua kuliko mimi. Nguo za maonyesho hushonwa kabla mvaaji hajajulikana, kwa kipimo kinachokaribiana: kifua cha inchi 38 hadi 40, kiuno cha 30 hadi 32, na urefu wa sentimita 183 hadi 190 hivi. Kijana aliyenyanyua vyuma mpaka kifua kikafika inchi 46 anapendeza ufukweni, lakini akivaa koti la maonyesho vifungo havikutani, na mapaja yake yanaivuta suruali ikapanda juu ya kifundo cha mguu. Ndiyo maana jaji mzoefu hutazama uwiano kuliko ukubwa: mabega yalivyopishana na kiuno, urefu wa shingo, na miguu ilivyo mirefu ukilinganisha na kiwiliwili. Misuli inaongezwa kwa mazoezi, shingo hairefushwi.

Ukitaka jaribio ambalo majaji wenzako hawatalifikiria, mwambie kila mshiriki avue koti jukwaani kisha alivae tena mbele yenu. Aliyezoea ataingiza mkono mmoja baada ya mwingine bila kuuangalia, atavuta ukosi mara moja ukae juu ya ukosi wa shati bila mwanya, na mkono wa shati utachungulia nusu inchi. Asiyezoea atalitafuta tundu la mkono mgongoni kama mtu anayejikuna, na kwa sekunde hizo chache utajua aliyevaa suti na aliyevalishwa.

Mwendo nao una siri yake, na kwa vijana wetu siri hiyo imo kwenye kandambili. Anayezivaa kutwa hukunja vidole vya mguu ili zisimtoke, hatua ikafupika na goti likabaki limepinda kidogo hata akivaa viatu vya ngozi. Hilo halimwondoi mtu mashindanoni, maana kwa mazoezi ya mwezi mmoja hurekebika. Kwa hiyo usimkate alama nyingi kuliko unazomkata yule anayetembea akiyatazama maungo yake mwenyewe. Huyo wa pili ana ugonjwa ambao mwezi mmoja hautoshi.

Usimhukumu mshiriki kwa Kiingereza chake. Mashindano mengi makubwa huruhusu mkalimani, na kinachopimwa ni kama mtu amelielewa swali, amelijibu lile lile aliloulizwa, na amenyamaza alipomaliza. Jibu la sentensi tatu kuhusu bei ya korosho Tandahimba, kutoka kwa mtu ambaye amewahi kuianika na kuichambua, lina uzito kuliko hotuba ya kukariri kuhusu amani duniani. Vazi la asili mara nyingi huwa na tuzo yake ya pekee, basi lisichanganywe na alama za taji. Nasikia vijana hupenda kupanda jukwaani na kinyago cha mapiko, ile ngoma ya Wamakonde; waambie kwamba kinyago hicho hufunika kichwa kizima, na jaji hawezi kuipa alama sura asiyoiona. Tena wawaulize wazee kwanza, maana mapiko ni mambo ya jando.

Sasa tuje kwenye alama, ambako ndiko watu huonewa bila mtu yeyote kukusudia. Chukua washiriki wawili na majaji watano. Majaji wanne wanampa wa kwanza 8 na wa pili 7. Jaji wa tano, ambaye ni mkali au ana lake jambo, anampa wa kwanza 3 na wa pili 9. Jumlisha: wa kwanza anapata 35, wa pili 37. Majaji wanne kati ya watano wamemwona wa kwanza kuwa bora, na bado ameshindwa, kwa sababu aliyetawanya alama zake kwa upana ndiye aliyeamua. Dawa moja ni kufuta alama ya juu kabisa na ya chini kabisa ya kila mshiriki. Hapo wa kwanza anabaki na 24 na wa pili 21. Dawa nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kila jaji kuwapanga washiriki kwa nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho, kisha zikajumlishwa nafasi na si alama, mwenye jumla ndogo akawa mshindi. Hapo jaji mwenye kelele anakuwa na kura sawa na jaji mpole.

Tena wote wapite mbele yenu mara moja pasipo kuandikwa chochote, ndipo mwanze kutoa alama katika mzunguko wa pili. Nilipowahi kukaa kwenye meza ya namna hiyo Lindi, hatukufanya hivyo. Kijana wa kwanza alinipendeza nikampa 9, na kufikia wa sita nilikuwa nagawa kumi kama karanga, si kwa sababu walistahili bali kwa sababu nilikuwa nimejinyima nafasi ya kupanda. Wapo wanaokosea kinyume chake, wakamnyima wa kwanza kwa kuogopa kwamba wazuri wako nyuma, na maskini yule aliyepata namba moja kwenye utepe hulipia woga wao. Kila mmoja aandike kwa wino kabla hamjasemezana, karatasi ikusanywe, ndipo mruhusiane kunong'ona.

Na kuna jambo ambalo hukulitaja, Ndugu Fundi. Mji wetu ni mdogo na mafundi wa suti wanahesabika, kwa hiyo huenda nusu ya suti zitakazopanda jukwaani siku hiyo utakuwa umezishona mwenyewe. Waeleze waandaaji mapema, na alama za vazi la usiku wazitoe wenzako wanne.

SWALI: Mwanangu anataka kutuma picha zake kwa waandaaji wa mashindano ya nje. Rafiki zake wamempiga kwa simu, lakini pua imetokea pana na uso umekuwa mweusi tii hata macho hayaonekani, wakati kwa kweli ni kijana mzuri. Wanataka kuzirekebisha kwa programu ya simu. Je, majaji watagundua? (Mama wa watoto wanne, Lindi)

JIBU: Mama, shikamoo. Watagundua, kwa sababu huomba picha zisizorekebishwa makusudi, na mshiriki akifika kambini hulinganishwa na picha yake mlangoni. Lakini mwanao hahitaji kurekebishwa, picha ndizo zilizopigwa vibaya.

Simu ikisogezwa karibu na uso, kilicho mbele hukua na kilicho nyuma husinyaa, hivyo pua inapanuka na masikio yanajificha. Mpigaji arudi nyuma hatua tatu au nne, avute picha kidogo kwa simu, na kwa picha ya mwili mzima aishike simu usawa wa kifua badala ya kuinyanyua juu ya kichwa, maana juu hufupisha miguu. Weusi wa uso nao hautokani na ngozi yake. Amesimamishwa mbele ya ukuta wa chokaa unaong'aa, simu ikaona mwanga mwingi, ikapunguza mwanga wa picha nzima pamoja na uso. Mgeuzeni: ukuta mweupe uwe mbele yake, umrudishie mwanga machoni, na nyuma yake kuwe na mlango wa mbao au kivuli cha mwembe. Wakati mzuri ni asubuhi, kabla jua halijapanda utosini. Avae fulana ya rangi moja na suruali inayomkaa, bila kofia wala miwani, na apigwe mbele, ubavuni, na mwili mzima. Zinatosha.

Wakimjibu kwamba amechaguliwa kwa picha pekee na wakataka fedha kwanza, mwambie asitume kitu mpaka mjue anayezipokea ni nani.

SWALI: Nina urefu wa sentimita 175 na kichwa changu hakina nywele. Rafiki zangu wananicheka kwamba nimeshashindwa kabla sijajaza fomu. (Kijana, Masasi)

JIBU: Kuhusu nywele, wakumbushe kwamba mrembo wa Tanzania, Flaviana Matata, alikwenda Miss Universe nchini Mexico mwaka 2007 akiwa amenyoa kichwa, na akaingia kumi bora. Kati ya washiriki wengi wenye nywele ndefu, jaji alikuwa na yeye mmoja wa kumkumbuka bila kutazama namba yake. Urefu ni shida ya kweli kwa anayetafuta kazi ya jukwaa la mitindo, kwa sababu zile nguo nilizozieleza hapo juu zitakupwaya. Kwenye matangazo ya biashara, ambako hupigwa uso na mikono, sentimita nane si hoja. Jaza fomu, na mahali pa urefu andika 175. Usiandike 180, maana watakuvua viatu na kukusimamisha ukutani.