Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Tulianza kwa Mganga

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Sisi huku Bagamoyo hatujambo, alhamdulillahi, isipokuwa magoti ya baba yako, ambayo unayafahamu.

Nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Umesema kwamba katika zamu yako ya juzi hospitalini mama mmoja alikuletea mtoto mwenye degedege baada ya kukesha naye kwa mganga, ukamkaripia mbele ya watu, na uliporudi nyumbani ukaukumbuka mkono wa kushoto wa kaka yako. Ndipo ukauliza: "Mama, wewe ulikuwa mwalimu, na klorokwini ilikuwa kabatini. Kwa nini mlianza kwa mganga?"

Sitasema kwamba hatukuijua malaria. Tuliijua vizuri: homa, baridi, kichwa kuuma, mdomo mchungu, na vidonge vyake vya klorokwini vilivyotuwasha mwili tukajikuna hadi asubuhi. Lakini kilichompata kaka yako alfajiri ile ya mwaka 1991 hakikuwa na jina hilo. Macho yaligeuka yakabaki meupe, meno yakakazana, mikono ikapigapiga kama mbawa, na bibi yako akasema neno moja tu: "Dege." Kwa maelezo ya wazee wetu, hilo ni ndege kubwa la usiku ambalo kivuli chake kikimpitia mtoto, humkamata. Kwetu, basi, yalikuwa magonjwa mawili, malaria ya hospitali na degedege la mganga, na kumpeleka mgonjwa wa hili kwenye tiba ya lile lilikuwa kosa. Tena ilisemwa kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Waliosema hivyo hawakuzusha. Walikuwa wamewaona watoto waliofikishwa hospitali wakiwa mahututi, wakachomwa sindano, wakafa. Sindano ndiyo iliyokuwa jambo la mwisho waliloliona, nayo ikabeba lawama ya kuchelewa.

Mganga alikuwa mama mtu mzima, mpole, aliyekuwa na mazoea ya kusafisha koo kabla ya kila neno. Alimvua kaka yako nguo zote, akampangusa kwa maji ya majani yaliyopondwa, kisha akaweka kinyesi kikavu cha tembo juu ya makaa kwenye kigae, akamfukiza chini ya kanga. Ile harufu ya nyasi zilizoungua bado ninayo puani. Hazikupita dakika nyingi mwili ukalegea, akalala. Wewe wajua kwamba mtukutiko wa namna ile mara nyingi hukatika wenyewe, na kwamba mtoto aliyevuliwa nguo na kupanguswa maji hupungua joto. Mimi niliona kwa macho yangu dege likiondoka. Wala mganga hakutuzuia. Alisafisha koo, akasema, "Dege limetoka. Homa iliyobaki ni ya hospitali, mpelekeni." Tulifika saa tano asubuhi, akawekewa dripu ya kwinini. Tabibu hakuniambia kama ni saa zile za kuchelewa zilizoupoozesha mkono wake, nami sikuthubutu kumwuliza. Hilo ni langu, sitaki kulitwisha mila.

Usidhani, hata hivyo, kwamba nyumba yetu ilikuwa na fikra moja ya kale. Ulipokuwa chuoni ulilicheka neno "baridi yabisi", lakini yabisi ni kavu, na waliougawa mwili kwa baridi na joto, ukavu na unyevu, ni matabibu wa Kiyunani, wakafuatwa na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037. Safura na balghamu ni maneno ya elimu hiyohiyo: nyongo ya manjano na kamasi, viwili kati ya vimiminika vinne ambavyo vikilingana, mtu huwa mzima. Siku kaka yako aliporudi kutoka wodini, babu yako alimwandikia kombe, yaani aya za Kurani kwenye sahani, kwa zafarani, akaliosha kwa maji ya waridi, akamnywesha, na baada ya hapo nikampa vidonge vyake kwa saa. Hakuna aliyeona kwamba vinagongana.

Na hiyo artesuneti, dawa ya malaria unayowachoma watoto leo, wajua ilikotoka. Tu Youyou, mtafiti wa dawa wa China, alisoma katika kitabu cha Ge Hong, Mchina wa karne ya 4, kwamba mmea wa qinghao, ambao ndio asili ya dawa hiyo, uloweshwe majini na ukamuliwe, akahisi kwamba moto wa kuchemshia ndio ulioiharibu dawa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Lakini hakuliamini neno kwa ukale wake, alilipima. Simtaji ili kumtetea mganga wetu, ambaye moshi wake haukuua kimelea hata kimoja.

Ninachokuomba ni kuhusu yule mama. Muuguzi aliyetupokea siku ile aliniuliza, bila kukunja uso, "Mmeshampitisha kwa mganga?" Nikamweleza yote: moshi, majani, na kwamba hakunyweshwa kitu. Angenikaripia, ningemwambia tumetoka nyumbani moja kwa moja, naye angehesabu saa kwa makosa. Ikiwa mtoto bado yuko wodini, kaa na mama yake, umwulize dege lilimjia saa ngapi. Litaje hivyohivyo, dege, atakujibu.

Kaka yako anakusalimu. Anakuuliza utakuja lini, maana mashua yake imekwisha.

Ni mimi, mama yako.