Filta ya oili ya Datsun 240Z: nenda dukani na vipimo

Ukiingia duka la spea Kirinyaga Road, Nairobi, ukauliza, "Mna filta ya oili ya Datsun 240Z?" utapata jibu moja kati ya mawili. Ama muuzaji atatikisa kichwa kabla hujamaliza kusema, ama atakuwekea kaunta filta yoyote ya Nissan, kampuni iliyotengeneza Datsun, na kukuapia kwamba inaingia. Hilo la pili ndilo linaloniogopesha. Nimekaa na gari hili miaka mingi, na ushauri wangu kwa yeyote mwenye gari la zamani la aina hii ni mmoja: acha kutafuta filta kwa jina la gari. Tafuta kwa hesi, yaani ile mistari ya kuzungushia kama ya bolti na nati, kwa upana wa raba inayozuia oili kuvuja, na kwa vali zilizo ndani.

Hili ni gari lenye heshima yake Afrika Mashariki. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda na 240Z tena. Injini yake, L24, ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, cc 2,393, na ikipata oili safi yenye presha nzuri itadumu kuliko bodi, maana bodi huliwa na kutu. Injini ya namna hiyo haistahili kubahatishiwa.

Anza na hesi. Bolti inayoshika filta kwenye bloku ya L24 ina kipenyo cha inchi robo tatu, yaani milimita 19.05, na hesi 16 kwa kila inchi. Honda, na baadhi ya injini za Nissan zilizokuja baadaye kama SR20, zinatumia kipenyo cha milimita 20 chenye hesi za milimita 1.5. Nafasi kati ya hesi na hesi katika aina hizo mbili inatofautiana kwa chini ya sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo filta ya milimita 20 inapanda kwenye bolti ya 240Z bila kugoma. Inazunguka, raba inagusa bloku, fundi anapangusa mikono. Kumbe hesi zimeshikana kwa ncha tu. Siku ya baridi, oili ikiwa nzito na presha ikapanda ghafla, filta hiyo inaweza kuruka, na oili ikamwagika yote kabla hujatupia geji jicho.

Kinga yake haina gharama. Pita duka la bolti na nati, ununue bolti ya inchi robo tatu yenye hesi nyembamba, ile inayoitwa UNF. Yangu haitoki garini. Kuna kijana dukani aliwahi kunipa filta akisema, "Mzee, hii inashika Nissan zote." Niliingiza bolti palepale mbele yake: ikaingia ikichezacheza, na nilipoisukuma pembeni ikatikisika kama jino bovu. Aliitazama, akaichukua bolti mwenyewe, akaanza kujaribu filta moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwenye boksi la Toyota. Hapo ikaingia sawasawa, bila mchezo wowote. Hesi zilikuwa zenyewe, ila raba ilikuwa ndogo mno, tukaendelea kutafuta. Nilimpenda sana kijana yule kwa subira yake. Muuzaji anayekubali kufungua maboksi na kujaribu ni wa kumshika mkono, hata kama bei yake imezidi ya jirani kidogo.

Kuhusu raba: pima ya filta kuukuu kwa vernia, kile kipimo cha kubana cha mafundi, nje na ndani. Raba ya filta mpya lazima ikalie yote kwenye uso laini uliochongwa wa bloku. Ikiwa ndogo itakaribia matundu ya oili, na ikiwa kubwa itaning'inia nje ya uso huo na kuvujisha.

Halafu chungulia ndani ya yale matundu madogo yanayozunguka tundu kubwa. Unapaswa kuona utando wa mpira, mweusi au wa rangi ya machungwa. Hiyo ndiyo vali inayozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Kwenye L24 filta inalala ubavu, na magari yetu haya hukaa bandani wiki nzima bila kuwashwa. Pasipo vali hiyo, au mpira wake ukiwa umekauka, oili inatoroka kwenye filta, na siku ukiwasha unasikia injini ikigonga sekunde za mwanzo huku geji ya presha ya oili ikiwa imelala. Filta nyingi za bei ya chini huwa na mpira mgumu. Ubonyeze kwa ncha ya kalamu. Ukiwa haunepi, rudisha.

Vali ya pili, inayoipitisha oili pembeni filta ikiziba, isikuumize kichwa kwenye gari hili. Nissan waliiweka ndani ya bloku yenyewe, nyuma ya filta. Kwa magari mengine hakikisha kwanza.

Namba za Nissan za filta za oili huanza na 15208, kwa hiyo ukiona boksi lisilo na tarakimu hizo likiuzwa kama spea halisi, lirudishe. Hata lenye namba sahihi laweza kuwa feki, ndiyo maana mimi huipasua kila filta ninayoitoa. Tumia kikata bomba, kwa sababu msumeno unamwaga chenga za chuma ndani na kukuchanganya. Kunjua karatasi juani. Mikunjo iwe mingi, imegandishwa vizuri miishoni. Chembe zinazonaswa na sumaku ni chuma, na kwenye L24 mimi huanza kukagua kemu na roka zake, vyuma vinavyofungua vali za injini. Zinazong'aa rangi ya shaba zinatoka kwenye beringi, na hapo usiwashe gari tena mpaka fundi afungue sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Wenye MGB, gari la michezo la Uingereza, wanaweza kukusaidia kuliko unavyodhani, maana nyingi za filta zao za kufungia kwa kuzungusha zina hesi zilezile za inchi robo tatu, 16 kwa kila inchi, sawa na Volvo 240. Nenda Africa Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse, uwaulize wanatumia namba gani na wanaagiza wapi. Wenye magari ya Uingereza ya zamani zaidi, yale yenye kopo la chuma na karatasi ya kubadilisha ndani, kazi yao ni nyingine: hakikisheni raba ya zamani imetoka kwenye mfereji wake kabla ya kuweka mpya. Raba mbili zikikaa pamoja, oili itavuja tu.

Ukishapata inayofaa, nunua za kutosha sevisi kadhaa, uziache ndani ya nailoni zake mahali pasipo joto. Wakati wa kufunga, paka raba oili, zungusha kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Andika kilomita na tarehe kwenye filta kwa kalamu ya wino mzito, na namba yake uiandike pia ndani ya boneti, fundi mwingine aione.